Amplifaya yako ilitengenezwa kwa shida ya nani?

Haya ni maneno niliyosema Jumapili mchana pale Sinza mbele ya wapiga gitaa wenzangu. Watu kadhaa waliokaa nyuma waliniambia hawakusikia vizuri kwasababu vyombo vilikua vinafungwa huku naongea, wakaniomba niandike, kwahiyo nimeandika karibu vile vile nilivyosema.

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu habari za mchana, na nyie wadogo zetu mliotoka ibada ya pili mkaja huku moja kwa moja na magitaa mgongoni hata chakula hamjala, asanteni sana, karibuni.

Nimekaa pale nyuma tangu saa nane nawasikiliza. Kila kona mazungumzo ni amplifaya. Huyu ana Boss Katana 50, yule ana Peavey Bandit ya siku nyingi aliyoachiwa na mjomba wake, mwingine Line 6 Spider, halafu ukimuuliza mtu sasa wewe ungepata hela ungechukua nini anakwambia Twin Reverb, anakwambia Marshall, anakwambia Vox AC30, na macho yanamng'aa kabisa. Mimi mwenyewe nilikua hivyo hivyo kwa miaka mingi na bado moyo unaruka nikiona ile Twin kwenye picha. Lakini leo nimeomba dakika chache niseme jambo moja tu ambalo limenikaa kichwani muda mrefu. Kila amplifaya tunayoitamani ilitengenezwa kujibu shida ya watu fulani, wa sehemu fulani, na shida zao nyingine ni zetu na nyingine sio zetu hata kidogo.

Chukua Fender. Leo Fender alikua fundi redio jamani, mwaka 1938 alifungua duka lake la kutengeneza redio pale Fullerton, California, na gitaa mwenyewe hakujua kupiga. Alichokua nacho ni masikio na subira. Wanamuziki wa pale walikua wanamletea vyombo vimekufa, anatengeneza, wanarudi wanamwambia hii inakwaruza, hii haisikiki ukumbi ukijaa, anafungua tena. Ile Twin Reverb ilipotoka 1963 ilikua imetokana na miaka na miaka ya kusikiliza malalamiko ya namna hiyo, watt 85, spika mbili za inchi 12, reverb, yaani mwangwi, ya springi ndani, na hadi miguu ya chuma ya kuilaza nyuma ili sauti impige mpigaji usoni na sio kwenye ndama za miguu. Ilitengenezwa kwa mtu anayetaka sauti kubwa na bado iwe safi, isikwaruze.

Sasa njoo Uingereza. Jim Marshall alikua mpiga drums, anafundisha drums, ana duka lake Hanwell, magharibi ya London. Vijana wa gitaa walikua wanajazana dukani kwake wanalalamika kwamba amplifaya za Marekani bei iko juu na kuagiza ni mateso, si mnaona wenyewe hapo, ni kilio chetu kile kile. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake wakaichukua Fender Bassman, amplifaya ya gitaa la besi, wakaifuata saketi yake karibu yote, ila vipuri wakatumia vya kupatikana kwao, spika zikawa za Celestion, boksi wakaliziba nyuma, ikatoka JTM45. Haikulia kama ile waliyoifuata. Ililia kivyake, na ule utofauti uliotokana na vipuri vya nyumbani ndio dunia nzima ikaja kuuita sauti ya Marshall. Mimi hii habari huwa inanigusa sana kila nikiifikiria.

AC30 nayo ni hivyo hivyo, ilitokea Dartford, Kent, mwaka 1959, kwasababu bendi ya The Shadows walikua wana AC15, ndogo yake, na mashabiki walikua wanapiga kelele mpaka gitaa halisikiki, basi Vox wakaombwa waongeze nguvu mara mbili. Na Wajapani wakaja na Roland JC-120 mwaka 1975, hawakufuata valvu kabisa, zile taa za kioo za ndani zinazokuza sauti, wao ni transista, vile vipande vidogo visivyo na kioo, mwanzo mwisho. Hiyo nitairudia maana ina jambo la kwetu.

Kwahiyo swali langu kwenu, sisi shida yetu ni ipi?

Kwanza tukumbuke tumetoka wapi, na hapa wazee watanirekebisha nikikosea. Zamani mpiga gitaa wa dansi hakua na amplifaya yake. Vyombo vilikua vya bendi, na bendi ilikua ya taasisi. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964 mwenye mali alikua chama cha wafanyakazi, wanamuziki ni waajiriwa, baadae ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Unaingia kazini jioni unakuta vyombo vimepangwa, unapiga, unaondoka, amplifaya inabaki ukumbini. Ukihama bendi unahama na vidole vyako tu. Ndio maana hata leo ukimuuliza mzee ulikua unatumia amplifaya gani kipindi kile anakwambia ya bendi, na amejibu sawasawa. Kwahiyo kizazi chetu hiki, kinachonunua amplifaya kwa hela yake ya mfukoni, inayolala naye chumbani Mbagala au Kimara, ndio kwanza tunajifunza kuchagua, hatukurithi ujuzi huo kwa mtu, na usione aibu kama umenunua ukakosea.

Pili, muziki wetu wenyewe. Sikilizeni rekodi zile zilizofanyika Redio Tanzania, chukueni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au bendi ya Sikinde ya mwanzo. Kuna gitaa la rhythm, kuna second solo, kuna solo, halafu besi chini, na kila moja unalisikia linaongea neno lake. Magitaa matatu yamesukwa kama mkeka. Sasa wewe chukua amplifaya tatu za kukwaruza, zote zimejazwa besi, zote zina reverb ya pango, ziweke jukwaa moja upige sebene, utapata nini? Utapata uji. Solo inaruka kule juu kwenye freti ya 12 kwenda mbele, noti ni fupi fupi na za haraka, unazikata kwa kiganja, zikipakwa distoshen, ule mkwaruzo wa makusudi, zinashikana kama ugali wa jana. Sisi tunataka sauti safi. Na sio safi ya kuchezea chumbani, safi wakati drums zinapigwa na watu mia tatu wanacheza harusi ya nje Kigamboni, upepo wa bahari unabeba nusu ya sauti unaipeleka kwa majirani.

Na hapa ndipo watu wanaponunua vibaya, kwenye watt. Mtu anauza ya watt 50 ananunua ya 100 akitegemea sauti itakua mara mbili, anafika nyumbani analia. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, sikio linasikia imepanda kidogo basi. Ili sikio liseme naam hii ni kubwa mara mbili unahitaji nguvu mara kumi hivi, yaani kutoka watt 10 kwenda 100. Kilichobaki ni spika, na watu hawaiangalii kabisa spika. Spika yenye ufanisi mzuri kwenye boksi zuri inaweza kukupa desibeli zile zile 3 bila kuongeza hata watt moja. Kwahiyo ukienda kukagua amplifaya iliyokwisha tumika, sawa, jaribu vinobu, lakini pia weka mkono kwenye spika, sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotawanyika, usikie kama inakwaruza ndani, angalia kama haijachanika pembeni. Watt sio kitu cha kuvunjia urafiki.

Ila watt 100 za transista na watt 100 za valvu ukizifungua mpaka mwisho hazifanani, hilo ni kweli na anayebisha akae na zote mbili wiki moja. Valvu ikizidiwa inaanza kukunja sauti pole pole, sikio linaipenda, unaona kama imeongezeka nguvu. Transista ya kawaida ikizidiwa inakata ghafla, inachoma. Lakini sisi si tumesema tunataka safi? Basi hatutakiwi kufika huko. Ndio maana miye namtetea sana mtu mwenye Bandit au JC-120 asijione mnyonge mbele ya mwenye valvu. Kwa kazi yetu hii, transista nzuri isiyozidiwa inakwenda na sebene kama samli na wali.

Niwaambie kuhusu hiyo JC-120 sasa, kwasababu makanisa kadhaa yanayo na wengi wenu mnaipiga bila kuijua. Ndani yake kuna amplifaya mbili za watt 60, kila moja na spika yake ya inchi 12. Ukiwasha korasi, yaani ule mtindo wa kuifanya sauti iyumbe kama magitaa mawili, spika moja inatoa sauti kavu, ya pili inatoa sauti inayoyumba yumba, na zile mbili zinachanganyika hewani, mbele yako pale, sio ndani ya mashine. Ndio siri ya ule upana wake. Sasa fundi mitambo anakuja na maiki moja anaiweka kwenye spika moja anaondoka. Wewe jukwaani unasikia utamu wote, waumini kule nje kwenye spika kubwa wanasikia gitaa kavu kama mkate wa juzi, au wanasikia ile inayoyumba peke yake. Nimeona hii kitu zaidi ya mara moja, mpigaji anashangaa kwanini watu wanasema gitaa lake halina ladha. Muombe fundi maiki mbili. Akisema hana, weka korasi kwenye pedali, kile kifaa cha kukanyaga cha kubadilisha sauti, nje na uzime ya ndani, maisha yaendelee.

Sasa umeme. Hapa naomba mnisikilize kweli kweli kwasababu nimeunguza.

Shemeji yangu anaishi Marekani, nikamuomba, nikamtumia hela kidogo kidogo miezi tisa, akaninunulia combo ndogo ya valvu, yaani amplifaya na spika ndani ya boksi moja, watt 15, ilitumika lakini imetunzwa. Ikaja kwenye meli ndani ya vitu vya watu. Siku imefika mimi nilikua na harusi Temeke usiku huo huo, sikutaka kusubiri, nikatafuta adapta ya plagi nikabadilisha miguu bapa kuwa ya kwetu, nikachomeka. Jamani plagi ikibadilika umeme haujabadilika. Kule ni volti 120, huku ni 230. Taa nyekundu iliwaka kwa nguvu sana, nikasikia mvumo, halafu harufu, halafu moshi mweupe unatoka nyuma pole pole. Fyuzi ilikatika lakini ilichelewa. Nilikaa chini pale sakafuni na wenzangu wakapanga vyombo bila mimi. Miezi tisa ya hela yangu, na kosa ni langu, karatasi nyuma ilikua imeandikwa wazi kabisa 120V 60Hz.

Kwahiyo soma mgongo wa amplifaya kabla hujasoma jina la mbele. Ukikuta 120 peke yake unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na iwe na nguvu inayozidi inachokula ile amplifaya, sio kile kitransfoma kidogo cha redio. Vifaa vingi vya sasa vyenye chaja ya nje vimeandikwa 100 mpaka 240, hivyo havina shida. Fyuzi ikikatika weka fyuzi ya kiwango kile kile, usiweke waya, usiweke ile karatasi ya kung'aa ya pakti ya sigara, najua tumeshaifanya wengi humu. Usiivunje ile pini ya juu ya ethi ili plagi iingie kwenye ekstensheni mbovu, kwasababu siku utakayoshika nyuzi huku mdomo unagusa maiki ndio utajua pini ile ilikua na kazi gani. Na kama ni ya valvu usiifungue mwenyewe hata kama umeichomoa, kuna kapasita ndani zinashikilia volti mia nne na zaidi, zinaweza kukuua wakati waya wa umeme uko mkononi mwako umeukunja. Kingine cha valvu, usiiwashe bila spika kuunganishwa, unaunguza transfoma ya kutolea sauti. Hayo nimeyataja haraka haraka lakini yaandikeni.

Wadogo zangu wa kanisani wengi hamna amplifaya kabisa, mna pedali ya Zoom au nyingine inaingia moja kwa moja kwenye mikser, na nimesikia kuna mmoja amecheka kwamba huyo sio mpiga gitaa kamili. Tusiambiane hivyo. Spika ya gitaa ukiipima haitoi sauti nyembamba sana, kuanzia kilohezi 5 hivi inashuka kwa haraka, na huo ndio utamu wake, inachuja. Ukiingia kwenye mikser bila kichujio hicho gitaa linalia kama nyuki ndani ya kopo. Pedali nyingi za sasa zina sehemu ya kuiga boksi la spika, washa hiyo. Kama haina, mwambie fundi mitambo akate sauti nyembamba za juu kwa nguvu. Utasikia tofauti hapo hapo. Na wanaopiga barabarani au kwenye vikundi visivyo na umeme, ipo Roland Cube Street inakwenda kwa betri ndogo sita tu, haitashinda drums lakini umeme ukikatika wewe bado unapiga.

Halafu mzigo. Twin inakaribia kilo 29, JC-120 ni kilo 28 hivi, AC30 inazidi hapo. Nani anapanda nayo bodaboda saa tisa usiku kutoka Tegeta? Katana 50 haifiki hata kilo 12, na mimi naamini hii ndio sababu kubwa ya kuonekana kila mahali kuliko hata sauti yake. Ni shida ya mtu wetu imejibiwa, hata kama waliotengeneza hawakumfikiria mtu wa Tegeta.

Mimi ninachomiliki leo ni viwili. Nina Roland Cube 60, ile ya zamani ya rangi ya chungwa, spika moja ya inchi 12, imeanguka kwenye bajaji mara mbili na inalia. Na nina ile ya valvu iliyoungua. Ndio, ipo, inapiga. Niliipeleka kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, mzee mmoja mtulivu sana, akaifungua akaitazama kimya muda mrefu, akasema transfoma ya umeme imekwenda lakini ya kutolea sauti imepona. Akaitoa ile iliyoungua akahesabu mizunguko ya waya, akaisuka upya kwa mkono, safari hii kwa volti 230. Ilichukua wiki tatu. Nilipokwenda kuichukua nikaipiga pale pale barazani kwake, magari yanapita, nikatulia. Yule mzee akaniuliza, hivi nyie mnataka hiki kitu kilie vipi hasa? Jamani, hakuna duka lolote lililowahi kuniuliza swali hilo tangu nianze kupiga gitaa.

Tangu siku ile nimekua naenda kwake kila Jumamosi, tunajenga amplifaya yetu wenyewe. Namwambia second solo linatakiwa likate katikati, besi ipungue lisimkanyage rhythm. Anauza chai ya tangawizi mwanae hapo pembeni, tunakunywa, anachora. Namwambia liwe kichwa, yaani mashine yenyewe, mbali na boksi la spika mbali, ili bodaboda moja ibebe. Namwambia jenereta za harusi umeme wake unapanda unashuka, anafikiri, anasema basi tuweke lile la kula betri mbili za sola, volti 24, tukatumia moduli ya kisasa ya nguvu isiyotoa joto sana, na mbele yake saketi ya toni aliyoijenga mwenyewe kipande kwa kipande. Boksi limechongwa na seremala wa Keko. Hicho ndicho ninachokitaka mimi sasa hivi kuliko Twin, nasema mbele yenu wote, na sijakikamilisha, kuna mvumo kidogo bado tunautafuta unakotokea.

Kimeletwa leo. Mnaona pale ukutani kuna vitu vitano vimefunikwa kitenge. Kuna Katana, kuna Bandit, kuna JC-120 tuliyoazimwa na kanisa na saa moja iwe imerudi, kuna Cube yangu, na kuna hicho cha Gerezani. Asubuhi nimezisawazisha sauti zote kwa simu yenye kupima desibeli, kwasababu sikio siku zote linapenda kilichopiga kelele zaidi na tungedanganyana. Korasi zote zimezimwa. Gitaa ni moja, waya ni mmoja, na mzee wetu amekubali kupiga kipande kile kile mara tano, na kila mara anaanza kama rhythm, halafu second, halafu solo. Chukueni karatasi, andikeni namba moja mpaka tano, kila namba uandike ungeipeleka kwenye gitaa gani kati ya yale matatu. Jina la kampuni usiandike. Fundi mwenyewe yupo, amekaa pale mlangoni na kofia yake, ataandika na yeye.

Haya, geuzeni viti wote mtazame ukuta ule wa nyuma. Nyie wa dirishani pia. Mzee, karibu, waya huo hapo.